Amesamehewa, Lakini Taji Si Lake

Wanaosafiri kati ya Dar es Salaam na Arusha wanaijua Segera. Ni njia panda. Hapa barabara ya Tanga inaachana na ile inayokwenda Korogwe, Same na Moshi. Mabasi husimama, watu hushuka kula, na wauza machungwa hukimbilia madirishani. Jumapili ya tarehe 13 Oktoba 2024, jioni, nilikuwa nimekaa kwenye mgahawa mmoja hapa nikisubiri gari la kunirudisha nyumbani baada ya ibada ya mtaani. Kijana mmoja akainua simu yake na kupaza sauti: Ruth Chepngetich wa Kenya amekimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Hakuna mwanamke aliyewahi kushuka chini ya saa mbili na dakika kumi. Rekodi iliyokuwapo, ya Tigst Assefa wa Ethiopia, ilikuwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53. Watu walipiga makofi kana kwamba dada huyo alikuwa wa Handeni. Nami nilipiga.

Mwaka uliofuata habari zikawa nyingine. Sampuli iliyochukuliwa Machi 2025 ilikutwa na dawa ya kupunguza maji mwilini, ambayo wanariadha wamekatazwa kwa sababu inaweza kuficha dawa nyingine. Julai akasimamishwa. Oktoba Kitengo cha Uadilifu cha Riadha kikatangaza kwamba amefungiwa miaka mitatu. Matokeo yake kuanzia siku ya sampuli ile yamefutwa. Rekodi ya Chicago, iliyotangulia sampuli hiyo kwa miezi mitano, imebaki.

Mgahawani mjadala ulimalizwa kwa maneno matatu: rekodi ni rekodi. Lakini katika darasa langu la kipaimara haukuisha. Tulikuwa kwenye Amri Kumi, tumefika ya saba, na binti mmoja wa miaka kumi na minne akauliza kama yule dada bado ndiye wa kwanza duniani. Kabla sijafungua kinywa, mzee wa kanisa aliyekuwa akinisaidia akamjibu, "Mwanangu, sisi Wakristo tunasamehe. Asiye na dhambi na awe wa kwanza kutupa jiwe." Darasa likanyamaza, maana maneno ya Bwana yakishatajwa, nani atabisha?

Mimi nabisha. Si na Bwana, bali na matumizi hayo ya maneno yake, ambayo nimeyasikia mara nyingi mno, na mara nyingi kutoka kwetu sisi tunaovaa kola.

Kwanza nijihadhari mwenyewe. Kuhusu siku ile ya Chicago hakuna kosa lililothibitishwa, na amri ya nane inanibana mimi kama inavyombana mwandishi wa habari: siwezi kusema alidanganya siku ambayo sina ushahidi nayo. Kwa hiyo namwacha Chepngetich pale walipomwacha wenye kazi hiyo. Nitazungumzia jambo lililothibitishwa, ambalo watu wanataka tulifunike kwa neno msamaha.

Rita Jeptoo wa Kenya alishinda marathoni ya Boston mara tatu: mwaka 2006, 2013 na 2014. Mwaka huo wa 2014 alikutwa na EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu ili mwili usichoke upesi. Alifungiwa miaka miwili, na mwaka 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaifanya minne na kumnyang'anya ushindi wa Boston wa 2014. Hapo ndipo wengi huacha kusoma. Wanamwonea huruma Jeptoo, wanasema ameanguka, nani asiyeanguka, basi.

Nani anakumbuka aliyekuwa wa pili? Anaitwa Buzunesh Deba, mzaliwa wa Ethiopia. Alikimbia siku ile kwa saa 2, dakika 19 na sekunde 59. Alivuka mstari akiwa mshindi wa Boston, na hakujua. Mwingine ndiye aliyevikwa shada na kupigiwa picha. Deba alirudi na zawadi ya mshindi wa pili, dola 75,000, wakati ya kwanza ilikuwa 150,000, mbali na nyongeza ya rekodi ya mbio zile. Alipokuja kutangazwa mshindi, ilikuwa kwa karatasi, miaka miwili na zaidi baadaye. Hadi mwaka 2024, miaka kumi baada ya mbio, alikuwa hajalipwa tofauti ile, mpaka mtu mmoja asiyehusika kabisa, aliyesoma habari zake gazetini, akatoa dola 75,000 mfukoni mwake.

Sasa rudi kwa mzee wangu wa kanisa. Anaposema tumesamehe, anasamehe deni la nani? Hakuibiwa yeye. Huu ni ukarimu wa mtu anayegawa mbuzi wa jirani. Ninaweza, kwa mamlaka niliyopewa siku ya kuwekwa mikono, kumtangazia mwenye dhambi anayetubu kwamba Mungu amemwondolea dhambi zake. Na ninapotangaza sipunguzi hata chembe. Lakini sina mamlaka ya kumpa shada la Deba.

Katekisimo Ndogo ya Luther, ambayo watoto wetu wanaikariri, inaieleza amri ya saba kwa upana: kuiba si kuvunja mlango tu, ni pia kupata mali ya jirani kwa bidhaa za uongo na biashara ya hila. Watoto wa Segera hawahitaji mfano wa mbali. Wanajua tenga la machungwa ambalo mazuri yamepangwa juu na yaliyooza yamelala chini, na basi limekwishaondoka abiria anapogundua. Mwanariadha mwenye dawa damuni anauza tenga hilo. Na sisi tukijua yaliyo chini, kisha tukaliweka tenga hilo kwenye maonyesho likiwa na utepe wa ushindi, hatuko tena kwenye amri ya saba. Tumehamia ya nane. Jina kwenye ukuta wa heshima ni ushuhuda: linamwambia kila mtoto apitaye kwamba huyu aliwashinda wenzake. Kama hakuwashinda, ukuta unasema uongo juu ya jirani, na jirani huyo ni wa pili, wa tatu na wa nne.

Jambo hili linatuhusu zaidi sasa kuliko zamani. Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Nchi yenye bingwa huanza kutafuta kuta za kuandika majina, na ni haki. Nyakati ambazo ushindi unapimwa kwa upana wa kifua, kila mwenye kipaji atasikia mtu akimnong'oneza kwamba dawa kidogo tu ingetosha. Wenzetu Kenya wameyapitia haya kwa machungu: wanariadha wao waliofungiwa kwa miaka hii wamezidi mia moja, na tangu mwaka 2016 wana sheria inayoifanya biashara hiyo kuwa jinai. Hawakuharibikiwa kwa sababu ni watu wabaya kuliko sisi. Walitutangulia tu kupata cha kudanganyia.

Nimeambiwa kwamba Biblia yenyewe inanipinga. Mchungaji mwenzangu, tena msomi, alinikumbusha Waebrania 11: ukumbi mzima wa mashujaa wa imani, na ndani yake wamo Yakobo mlaghai, Rahabu kahaba, Samsoni na Daudi. "Kwa kanuni yako," alisema, "ungebaki na Henoko peke yake."

Ni hoja nzuri, na ilinikosesha usingizi siku mbili. Lakini isome sura hiyo polepole. Rahabu yumo, na bado anaitwa kahaba. Mwandishi hakulifuta neno. Wote wametajwa kwa imani yao, wala hakuna aliyetajwa kwa ushindi ambao hakuupata. Kuhusu Yakobo, ni kweli, alimdanganya baba yake akachukua baraka ya Esau, na Isaka hakuirudisha. Hapo neema ya Mungu inatushinda wote, na sitajifanya ninaielewa. Ila habari haiishii kwenye sura ya 27 ya Mwanzo. Yakobo alikimbia, akakaa kwa Labani miaka ishirini, akadanganywa naye usiku wa harusi yake. Aliporudi na kusikia Esau anakuja na watu mia nne, alituma mbele yake makundi ya mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda, akainama mara saba, akamsihi nduguye apokee. Na neno la Kiebrania analotumia katika 33:11 kuiita zawadi ile ni neno lile lile la baraka. Anasema, chukua baraka yangu. Mtu aliyeiba baraka anarudi na kuiweka mkononi mwa aliyeibiwa. Wanaomtumia Yakobo kutetea walaghai mara nyingi wameishia sura ya 27.

Zakayo ni hivyo hivyo. Tunampenda kwa sababu alikuwa mfupi na alipanda mkuyu. Lakini wokovu ulipoingia nyumbani mwake, fedha zilitoka: nusu kwa maskini, na kwa aliyedhulumiwa mara nne. Bwana hakumwambia, "Acha, yamepita."

Na Paulo, mtume wa neema, ndiye anayemwandikia Timotheo, katika waraka wa pili 2:5, kwamba mshindani hapati taji asiposhindana kwa kufuata kanuni. Paulo aliwajua watu wa michezo. Korintho ilikuwa jirani na uwanja wa mashindano ya Isthmia. Ulimwengu wake wa Kiyunani ulilichukulia jambo hili kwa uzito kuliko sisi. Pale Olimpia, faini za waliodanganya zilitumika kutengeneza sanamu za shaba za mungu wao Zeu, zikapangwa njiani kuelekea lango la uwanja, na chini yake yakaandikwa makosa yaliyozilipia. Za kwanza zilitokana na bondia mmoja, Eupolo wa Thesalia, aliyewahonga wapinzani wake mwaka 388 kabla ya Kristo. Kila mshindani aliyeingia kiwanjani alipita mbele yao. Wapagani walikuwa na ukuta wa walaghai. Sisi Wakristo tunaona haya hata kukosa kuwaweka kwenye ukuta wa washindi!

Hata hivyo, wapo wanaokubaliana nami upesi kupita kiasi, na hao wananitia hofu. Mgeni wetu mmoja kutoka Marekani alinieleza habari za mchezo wa besiboli. Wana jumba la mashujaa katika mji wa Cooperstown, na waandishi wa habari wanaopiga kura wanaagizwa kuangalia, pamoja na uwezo wa mchezaji, uadilifu wake na tabia yake. Anayetaka kuingia lazima apate asilimia 75. Barry Bonds alipiga mipira 762 ya kuvuka uwanja, hakuna aliyemfikia katika ligi yao, lakini kwa sababu ya tuhuma za dawa aliishia na asilimia 66 katika mwaka wake wa mwisho kupigiwa kura na waandishi hao, 2022. Mgeni wangu aliuliza maoni yangu juu ya neno "tabia". Nilimwambia ningelitumia kwa woga.

Kwa sababu tabia ni pana. Samuel Wanjiru wa Kenya alishinda dhahabu ya marathoni Beijing mwaka 2008, katika joto kali, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, akiwa na miaka 21. Alifariki Nyahururu mwezi Mei 2011, baada ya kuanguka kutoka ghorofani nyumbani kwake, na misukosuko ya ndoa yake ilikuwa imejaa magazetini. Je, tulifute jina lake? Hapana. Mbio zile alizikimbia. Dhahabu ile haikumlaghai yeyote aliyekuwa nyuma yake. Mkewe na watoto wana mashtaka yao mbele za Mungu, na si madogo, lakini hayaandikwi kwenye saa ya mbio. Tukianza kupima heshima ya uwanjani kwa yaliyo chumbani tutakuwa Mafarisayo kabla jua halijazama, na nawajua wachungaji ambao hawangebaki ukutani, ukutani kwao wenyewe. Ninachokataa ni jambo moja dogo na gumu: kumpa mtu taji la mbio zilezile alizozidanganya.

Kuna wanaosema umaskini. Nawasikia. Mtoto wa mkulima anayeahidiwa dola hana nguvu sawa na daktari anayemchoma sindano wala wakala anayechukua asilimia yake na kutoonekana; hao wawili, ingekuwa juu yangu, wangefungiwa kwanza. Lakini aliyekimbia bila dawa naye ametoka kwenye nyumba ya udongo vilevile.

Na kama tunataka jina la kuandika, tunalo. Tarehe 20 Oktoba 1968, jijini Mexico, John Stephen Akhwari wa Mbulu, wa Tanzania yetu, alianguka njiani, goti likaumia na kutenguka. Mamo Wolde wa Ethiopia alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, mguu umefungwa bandeji, anachechemea, watazamaji wengi wakiwa wamekwishaondoka: saa 3, dakika 25 na sekunde 27, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma azimalize. Kwa kipimo cha medali na rekodi hana nafasi katika jumba lolote. Dunia imemkumbuka kwa zaidi ya miaka hamsini, na muda wake ulioandikwa ni wa kweli hadi sekunde ya mwisho.

Nimefika mahali ambapo ningependa kuishia, lakini siwezi kuandika haya yote na kunyamaza juu ya langu.

Nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia, katika chuo ambacho sitakitaja, nilifaulu mtihani wa Kigiriki nikawa wa kwanza. Usiku wa kuamkia mtihani nilikuwa nimeonyeshwa maswali. Sikuyatafuta, yaliletwa, nami sikufumba macho. Jina langu liliandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa heshima maktabani, nikapewa kazi ya kuwafundisha wa mwaka wa kwanza kwa posho ndogo. Wa pili alikuwa mwenzangu ambaye baba yake alikata mkonge maisha yake yote. Kigiriki alikuwa anakijua kweli. Mimi nilijua majibu. Posho ile ingemlipia ada. Muhula uliofuata alirudi amechelewa wiki tano.

Nilibatiza, nikazika, nikahubiri juu ya Zakayo, miaka kumi na tatu, kabla sijaenda kwake. Alinikaribisha chai. Nilipomaliza kusema alikaa kimya kidogo, kisha akanisamehe, kwa maneno, akiniita ndugu. Nililia mbele ya watoto wake. Alipokuwa ananisindikiza barabarani aliniuliza, kwa upole kabisa, "Na ule ubao, mchungaji?"

Sikuwa nimeufikiria. Nilikuwa nimefikiria roho yangu tu.

Posho nimemrudishia kidogo kidogo. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea. Chuoni niliandika barua, nikieleza yote na kuomba jina langu lifutwe na lake liandikwe. Jibu lilikuja limejaa upendo. Walinishukuru kwa unyofu wangu, wakasema ni mambo ya zamani, Mungu amekwisha kusamehe, na kulibadilisha sasa kungezua maswali yasiyojenga. Mwezi Juni nilipita pale nikiwa na vijana wa usharika. Mmoja wao aliliona jina, akaniita wenzake wakiwa wamesimama, akataka tupige picha chini yake. Niliwaambia wakae, nikawasimulia kama nilivyokusimulia wewe. Barua ya pili niliipeleka kwa mkono wiki iliyofuata, na nakala yake anayo mwenzangu.